Waliacha mti nusu juu ya bati langu, wakadai 250,000 zaidi

Hasira hii nimekaa nayo tangu miezi ya baridi. Nilitegemea itapoa, haijapoa. Kwa hiyo naiandika, na mwenye mti mkubwa uani anayetafuta watu wa chensoo, yaani msumeno wa mashine, wa kuukata asome kabla hajatoa hela.

Naishi Uyole, hapa Mbeya. Anayeijua Uyole anaujua upepo wake. Marehemu baba alipojenga nyumba hii alipanda mlingoti mmoja, yaani mkaratusi, kwenye kona ya ua, ukawa mti wa kufungia kamba ya nguo. Ukakua kama milingoti inavyokua, hauombi ruhusa. Mizizi ilipasua sakafu ya jiko la nje, na matawi mawili makubwa yakalalia upande wa chumba cha watoto. Masika yaliyopita tawi nene kama paja la mtu mzima lilianguka usiku likatoboa bati. Mwanangu mdogo alilia mpaka asubuhi. Nikasema huu mti sasa ushuke.

Niliita watu watatu waje waangalie. Wa kwanza alikuja na shoka na panga, akasema 150,000. Nikamuuliza kamba iko wapi, akacheka. Nikamshukuru akaenda. Wa pili alisema hataki hata shilingi, atanipa yeye 50,000, achukue gogo akapasue mbao. Ilinivutia, sifichi. Lakini alitaka kuuangusha mti mzima kwa mara moja, na nafasi pekee ya kuulaza ilikuwa juu ya jiko la nje na ukuta wa jirani. Hiyo 50,000 ingenijengea ukuta gani?

Wa tatu walikuja watano, na chensoo mbili, kamba nene na mkanda wa kupandia. Msimamizi wao alitembea kuuzunguka mti, akaangalia waya wa umeme unaoingia nyumbani, akasema huu haudondoshwi, huu unashushwa vipande vipande kwa kamba, 450,000. Kisiki ni bei nyingine. Kubeba matawi ni bei nyingine, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, 25,000 kila tripu. Nikaona huyu angalau anajua anachosema. Na kweli bei ya mti haipangwi kwa unene peke yake, inapangwa na kilicho chini yake. Mti ule ule ungekuwa katikati ya shamba, ungeshuka kwa robo ya hela hiyo. Alinieleza kwamba kule kwenye mashamba ya miti ya Mafinga na Sao Hill amekata mpaka amechoka. Nikampa 300,000 ya kuanzia. Hapo ndipo nilipokosea. Mkononi nilibaki na 150,000 tu, naye alilijua hilo kuliko mimi.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Mama, baba yupo?" Nikamjibu mume wangu ni dereva wa malori, yuko safari, ameshavuka mpaka wa Tunduma. Niliona ni swali la heshima.

Siku ya kazi walianza vizuri. Watu wa umeme walishakuja kushusha waya. Kijana mmoja mwembamba, namkadiria miaka ishirini na mbili, alipanda kwa mkanda na kamba, chensoo ndogo ikining'inia kiunoni. Akaanza na matawi ya upande wa barabara. Anafunga tawi, anakata, wenzake chini wanaachia kamba kidogo kidogo, tawi linashuka linalala. Majirani walisimama kuangalia. Bibi wa nyumba ya pili akawa anasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kila tawi likifika chini salama.

Saa nane mchana upande wote wa barabara ulikuwa mtupu. Yalibaki yale mawili ya upande wa nyumba. Kijana akalifunga la kwanza, akaanza kulikata, mara chensoo ikapiga kelele ya chuma. Msumari. Msumari wa baba, wa miaka ile, mti ulikuwa umeumeza. Mnyororo ukaisha meno pale pale.

Hapa nataka niwe mkweli. Msumari ulikuwa wangu. Mnyororo wa chensoo ni hela, na chuma ndani ya mti kinaweza kumuumiza aliye juu. Msimamizi angeniambia, "Mama, mnyororo umeharibika, tuchangie," ningetoa bila neno.

Hakusema hivyo. Alimwita kijana ashuke. Akawaambia wakunje kamba. Kisha akaja mpaka barazani nilipokaa, hakuvua hata kofia, akasema kazi imebadilika, niongeze 250,000. Nikamuuliza mnyororo unauzwa bei gani. Akaangalia juu ya mti, akanirudia, akasema maneno haya, na watoto wangu wakiyasikia:

"Mama, ukitaka ushuke wote, ongeza. Hutaki, upepo utaushusha bure."

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimetukanwa na wazazi walevi, nimesahau. Hili sijasahau. Kwa sababu alijua alichokiacha kule juu. Upande wa barabara hakuna tawi tena, uzito wote umeegemea nyumba. Na lile tawi la chumba cha watoto lilikuwa na jeraha la chensoo la kina cha kiganja. Mti wangu mzima ulikuwa salama kuliko ule nusu walioniachia. Huko Sao Hill anakojisifia hakuna bati chini ya miti.

Waliondoka. Usiku ule upepo ulikuja, sina haja ya kuongeza chumvi, aliyekuwa Uyole usiku ule anajua. Tulihamia kwa bibi jirani, watoto watatu na mimi, tukalala chini kwenye mkeka sebuleni kwake. Mimi sikulala. Nilikuwa nasikiliza. Mlingoti mbichi una uzito wa ajabu, umejaa maji, tawi moja la aina ile likishuka halitoboi bati tu, linashuka na kenchi.

Asubuhi nampigia, hapokei. Baadaye ukaja ujumbe: "Tuma kwanza." Nikatuma. Nilikopa kwenye kikoba chetu, nikatuma 250,000 kwenye simu, nikiwa natetemeka, sijui kwa baridi au kwa uchungu.

Walikuja saa nne na mnyororo mpya. Yule kijana alinifuata peke yake kabla ya kupanda. "Shikamoo mama. Nisamehe. Mimi jana ningemaliza." Sikumjibu vizuri, na hilo linaniuma.

Maana kazi aliyoifanya baada ya hapo sijawahi kuiona. Lile tawi lililojeruhiwa alilifunga sehemu mbili, akakata karibu na ncha kwanza kulipunguzia uzito, akaja nyuma, akakata tena, kila kipande kikapita juu ya bati bila kuligusa. Nasema bila kuligusa. Halafu akateremka na shina lenyewe, kipande baada ya kipande, anakata mdomo upande wa kuangukia, anazunguka nyuma, anaacha kauzi kembamba ka kuni, anapiga kelele "Oyaa!", kinashuka na kamba. Saa kumi jioni niliona mlima kutoka dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana. Nilikaa nikalia. Kwa nusu saa ile ungeniuliza, ningekwambia 700,000 ni hela ya haki kabisa, waite hawa hawa, usimwite mwingine.

Kisha nikampelekea kijana chai, nikamuuliza analipwa ngapi kwa kupanda. Elfu thelathini. Kwa siku ya jana hajapewa, kwa sababu kazi "haikuisha".

Basi hasira ikarudi mara mbili. Mwenye roho mkononi, futi nyingi kutoka ardhini, elfu thelathini. Mwenye kofia aliyesimama chini akininyooshea kidole juu ya bati langu, zote zilizobaki. Na hata hapo hakutosheka, nikakuta wanapakia kwenye kirikuu vipande viwili vilivyonyooka kuliko vyote, eti ni fidia ya mafuta. Tulikubaliana magogo yanabaki, mume wangu anataka nguzo za banda la ng'ombe. Nilisimama getini. Babu wa nyumba ya nyuma akaja, akasimama nami, hakusema kitu, ameshika fimbo yake tu. Wakashusha.

Sasa mnaniuliza, niwaite hao au nisiwaite? Nilianza kuandika nikitaka kusema msiwaite kamwe. Lakini ukimwita yule wa shoka na panga, utazika mtu uani kwako. Kazi ya kamba ni ya watu wa kamba, na bei ya 450,000 kwa mti uliosimama juu ya nyumba na waya sikuiona kubwa, sasa hivi naiona ndogo. Wenye mikono wapo. Msimpe hela nyingi mtu kabla tawi la mwisho la upande wa nyumba halijafika chini, hasa la upande wa nyumba. Mwambieni aanze nalo. Na pigeni macho shina lote, kama kuna msumari au waya wa zamani semeni siku ya kupatana bei.

Kisiki bado kipo na kimeshachipua, machipukizi manne, mlingoti haufi kwa kukatwa juu tu. Yule kijana atakuja Jumamosi na mwenzake kukichimba, tumepatana 80,000, nusu ataipata kisiki kikiwa kimelala ubavu.

Msimamizi wake naye alinipigia juzi kuuliza kama kuna jirani mwenye mti. Nilimwambia aje kwanza aniombe radhi mbele ya watoto wangu. Akakata simu.