Mtoto aliyeachwa kwenye fomu ya viza ya Kanada: nani wa kukurekebishia hapa Mwanza?

Pita steshenari yoyote ya Mwanza mjini, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, na ukutani utakuta tangazo lile lile: picha za pasipoti, fotokopi, maombi ya ajira, RITA, TIN, viza. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoipima hapa, tena upande wake mgumu: kurekebisha maombi ya zamani ambayo mke, mume au mtoto hakuandikwa. Tumechukua Kanada kwa kuwa sheria yake kwenye jambo hili ni kali na imeandikwa wazi.

Kosa huanzia kaunta. Mchapaji anauliza, "Unasafiri na nani?" Mteja anajibu, "Peke yangu." Sehemu ya watoto inarukwa. Lakini fomu haikuuliza hivyo. IMM 5645, ile ya taarifa za familia, inataka watoto wote: wa ndani ya ndoa na wa nje, wa kambo, wa kuasili, anayelelewa na bibi yake Ukerewe na aliyekwisha kuolewa Sengerema. Suala la nani anasafiri lina kisanduku chake pembeni ya kila jina, cha ndiyo au hapana.

Chukua nakala yako ya zamani utazame chini ya sehemu ya watoto. Kuna mstari wa sahihi kwa ajili ya mtu asiye na mtoto kabisa. Kama una watoto na sahihi yako ipo hapo, basi hukuacha nafasi wazi tu. Umethibitisha kwa mkono wako kwamba huna mtoto. Barua ya marekebisho isiyoutaja mstari huo ni barua nusu.

Kwa mwenzi, tatizo ni hesabu mbili tofauti. Kanada inamhesabu kuwa mwenzi mtu mliyeishi naye kinyumba mwaka mmoja mfululizo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inaanza kudhania ndoa baada ya miaka miwili. Mtu wa Kirumba aliyekaa na mwenzake miezi 16 anaandika "sijaoa" kwa moyo mweupe, na huku hakuna atakayemshangaa. Kule ameficha mwenzi. Mwenye wake wawili naye anatakiwa kuwaandika wote, hata kama Kanada itamtambua mmoja tu.

Sasa huduma zenyewe. Steshenari tunazipa nyota tatu kati ya tano. Skana zao ni nzuri, bei zinavumilika, na wana kompyuta yenye Adobe Reader, jambo lenye maana kwa sababu fomu nyingi za Kanada hazifunguki kwenye simu; unapata ukurasa unaokuambia usubiri, na utasubiri hadi jioni. Nyota mbili zimeondoka kwa sababu ya tabia mbili. Kwanza, mchapaji hutumia faili la mteja aliyetangulia na kubadilisha majina tu, hivyo majibu ya mtu mwingine yanabaki ndani. Pili, akaunti inafunguliwa kwa barua pepe ya dukani. Miaka miwili baadaye kijana amehama, neno la siri limeondoka naye, na wewe huna hata nakala ya ulichokisaini. Nenda na barua pepe yako, andika neno la siri mwenyewe, na usiondoke kaunta bila PDF ya mwisho iliyotumwa.

Kuna mpaka mmoja ambao wengi hawaujui. Kuchapa na kuskani kwa malipo ni sawa. Kushauri au kukuwakilisha kwa malipo kwenye maombi ya Kanada kunaruhusiwa kwa wakili wa huko aliyesajiliwa, mthibitishaji (notary) wa jimbo la Quebec, au mshauri wa uhamiaji aliye kwenye rejista ya chombo kinachowasimamia, College of Immigration and Citizenship Consultants, rejista ambayo ni ya wazi na unaweza kutafuta jina ndani yake. Mwakilishi halali huandikwa kwenye fomu IMM 5476. Anayekuambia "mimi nisiandikwe popote" anakuachia wewe mzigo wote.

Mawakili wetu wa hapa, kwa kazi ya kiapo, tunawapa nyota nne. Kiapo kinafaa sana pale majina yanapopishana: cheti cha kliniki kinasema Masalu, cha shule kinasema Masaru, na cha ubatizo kina jina la dini peke yake. Masikio ya Kisukuma hayagombani na l na r, lakini afisa wa viza ataona watoto wawili. Kiapo kitaje kila tahajia na hati ilimo. Ila kiapo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kianze kwanza: mtoto wa chini ya miaka mitano anasajiliwa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, mkubwa anapitia RITA wilayani, na tangazo la kizazi kutoka hospitali hurahisisha mambo sana. Kiapo kikiwa cha Kiswahili, kitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na mfasiri asiwe ndugu yako.

Nyota ya tano imepotelea kwenye sentensi moja ya viapo vya kunakili: "kwa bahati mbaya nilisahau." Hakuna afisa atakayeamini kwamba mzazi amemsahau mtoto aliyemzaa. Andika sababu ya kweli. Kama ulidhani wanaulizwa wanaosafiri tu, sema hivyo. Kama mtoto ni wa nje na mkeo hakuwa anajua, sema hivyo hivyo, ingawa ni chungu.

Barua ya maelezo iwe ukurasa mmoja: namba ya maombi, namba ya mteja iitwayo UCI, jina la fomu, swali husika, ulichojibu, ukweli ulivyo, kwa nini ilitokea, na hati ulizoambatisha. Pamoja nayo weka fomu mpya iliyojazwa yote upya, yenye sahihi na tarehe ya leo. Kurekebisha juu ya fomu ya zamani kwa wino kunaleta maswali mapya.

Njia ya kutuma tunayoipa alama ya juu haina bei: fomu ya mtandaoni ya idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, kama maombi bado yanashughulikiwa. Ingiza namba ya maombi, UCI na tarehe ya kuzaliwa vile vile kama zilivyo kwenye maombi. Herufi moja ikipotea, ujumbe unaweza usilifikie faili lako. Punguza uzito wa mafaili kabla ya kuambatisha. Tunza barua pepe ya uthibitisho inayorudi, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako wa siku uliyosema. Kama maombi ya zamani yalishaamuliwa, marekebisho yaende na maombi mapya, barua ikiwa juu.

Siku hiyo ina uzito. Ukisema kabla ya kuulizwa, unarekebisha. Ukisubiri hadi wakuandikie barua ya kukutaka ujieleze, unajitetea, tena ndani ya siku walizokupa. Kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji kinamfungia nje miaka mitano aliyetoa au kuficha taarifa muhimu. Kujitokeza hakufuti kosa, lakini ndiko kunakoipa sababu yako nafasi ya kusadikika.

Kwa mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada, steshenari haihusiki tena. Kanuni ya 117(9)(d) inasema mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati wa maombi yako ya ukaazi hawezi kudhaminiwa baadaye kwa njia ya familia, na hilo halina miaka mitano. Ni la moja kwa moja. Unafuu wa majaribio ulianza 9 Septemba 2019 na ukaongezwa muda hadi 9 Septemba 2026, kwa waliokuja kama wakimbizi au waliodhaminiwa kama wenzi na watoto, mradi kumtaja huyo mtu kusingewanyima ukaazi wakati ule. Aliyeingia kwa njia ya ujuzi wa kazi hamo hayumo. Kwake linabaki ombi la kuhurumiwa kwa misingi ya utu, na hapo ndipo pesa ya wakili wa Kanada inalipwa kwa haki.

Anayekwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole abebe nakala ya barua na uthibitisho kwenye begi la mkononi. Na kabla ya kupanda basi Nyegezi, asome tena majina ya watoto kwenye fomu mpya kwa sauti, cheti cha kila mmoja kikiwa mkononi.