Mafunzo ya "protini seli mojamoja" Mikocheni: siku ya pili tu

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa 11 kazini Temeke: naotesha bakteria, nawapima dawa. Tangazo la "Chambua protini za bakteria, seli mojamoja" lilipopita kwenye kundi letu la WhatsApp, nikalipia siku hiyohiyo. Laki mbili na nusu. Jina la wenyewe nalihifadhi.

Siku ya kwanza slaidi tupu. Nimesinzia.

Siku ya pili wakaleta bakteria aina ya E. coli waliopandikizwa protini ya kijani inayong'aa, ile ya konyeza wa baharini. Jeni yake huwashwa na sukari ya arabinosi, nao wakatia sukari kiduchu. Ukiipima chupa nzima unapata mwanga hafifu. Tone moja chini ya hadubini ni habari nyingine: seli hii inawaka, jirani yake giza totoro. Ile yenye mwanga hafifu niliitafuta, sikuiona! Na wote uzao mmoja. Kumbe seli iliyoanza na protini chache za kuingizia sukari inabaki kapa. Iliyokuwa nazo inaingiza, na sukari ikiingia inaitengenezea protini nyingine za kuingizia. Aliye nacho huongezewa. Nikazifikiria sahani zangu za kuoteshea bakteria kazini, na yale aliyoyaona mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger mwaka 1944: penisilini iliua karibu bakteria wote wa stafilokoko, wachache wakabaki, lakini uzao wa hao waliobaki ukafa kwa dawa ileile, yaani hawakuwa sugu wa kurithi. Miaka yote hii mimi naandika "sugu" au "si sugu", basi.

Ila tangazo limetia chumvi. Tulichopima ni protini moja, ile ya kijani. Nilipombana mkufunzi akacheka, akakiri: bakteria mmoja ana protini milioni chache tu, seli ya binadamu inamzidi kama mara elfu, na protini huwezi kuzidurufu kama DNA inavyodurufiwa maabara kwa mbinu ya PCR. Kuzisoma zote ndani ya bakteria mmoja bado ni kazi pevu hata kwa maabara za Ulaya. Sasa si mngeandika hivyo?

Siku ya tatu umeme ulikatika saa nne. Jenereta iligoma dakika 40, na mashine ya kupitisha seli mbele ya leza ikabidi irekebishwe upya. Sampuli 12 zikawa 3. Wali kuku wao siulalamikii.

Nyota tatu. Niliomba nirudishiwe hela ya siku ya tatu, nikapewa cheti.