iMac ya 2010 kama monita ya laptopu: miezi 8 kwenye steshenari yangu Mwanjelwa

Mzee mmoja alinijia jioni hapa Mwanjelwa, anataka ratiba ya ibada ya mazishi ya mkewe, nakala 150, kesho yake saa 4 asubuhi ziwe kanisani. Nilikesha nikiipanga kwenye laptopu yangu, ThinkPad T450 ya mtumba. Asubuhi alishika nakala ya kwanza, akaitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mama yenu hakuwa mwekundu hivi."

Kioo cha laptopu kilikuwa kimenidanganya. Ukikiinamisha kidogo tu, rangi ya uso inahama. Nikarekebisha kwa kukisia, nikachapa upya, nikamsindikiza hadi kwenye bajaji. Siku hiyohiyo nikaanza kutafuta monita.

Monita mpya kubwa yenye rangi za kuaminika sikuimudu. Nilichopata ni iMac (kompyuta ya Apple iliyojengwa ndani ya kioo chake) ya inchi 27 ya mwaka 2010, iliyokuwa imekaa stoo kwenye ofisi moja, kwa shilingi 300,000. Kama kompyuta imeshachoka, programu nyingi za sasa haizipokei. Ila kioo chake ni cha IPS, aina ambayo rangi hazihami sana ukikitazama kwa pembeni, pikseli 2560 kwa 1440, na iMac za inchi 27 za mwisho wa 2009 na za 2010 zinaweza kupokea picha ya kompyuta nyingine kupitia tundu la Mini DisplayPort, hata kama hiyo nyingine ni ya Windows. T450 ina tundu hilohilo.

Nilianza kwa hasara. Duka la kwanza nililoingia niliambiwa, "Dada, hii inafaa kabisa, chukua," nikatoka na kigeuzi cha Mini DisplayPort kwenda HDMI. Vigeuzi vile vya bei ndogo vinapitisha picha upande mmoja tu. Ukiwa na laptopu yenye HDMI peke yake, kuingiza picha kwenye iMac kunataka kigeuzi cha aina nyingine, cha bei kubwa zaidi. Mimi nilihitaji waya wenye Mini DisplayPort ncha zote mbili, basi. Hapa mjini sikuupata, ukaagizwa Kariakoo, ukaja na basi.

Nilichomeka, nikaiwasha iMac na kuingia kwenye akaunti yake, nikabonyeza Command na F2 kwenye kibodi yake ya waya. Kioo kikawa cheusi sekunde mbili hivi, halafu ukurasa wangu ukatokea mzima. Nilifungua ile picha ya mama. Wekundu mashavuni, ambao kwenye laptopu sikuuona hata kidogo, ulionekana palepale. Niliumia kwamba mumewe ndiye aliyenionyesha.

Sasa napanga kurasa mbili za kijitabu ubavu kwa ubavu, maandishi yanasomeka bila kukuza. Pikseli ni karibu mara 3.5 ya zile 1366 kwa 768 za laptopu yangu.

Anayetaka kununua aangalie mwaka kabla ya kutoa pesa. Rafiki yangu wa Iringa alinunua ya inchi 21.5 ya 2010. Tundu ni lilelile kwa macho, lakini hiyo inatoa picha tu, haipokei. Na kuanzia 2011 hadi katikati ya 2014 tundu lina umbo lilelile tena, ila ni Thunderbolt, teknolojia nyingine ya kuunganisha vifaa, lina alama ya radi, na halikubali picha isipokuwa kutoka kompyuta yenye Thunderbolt. Zile zenye kioo cha 5K, zilizoanza mwisho wa 2014, hazina kabisa uwezo huu. Namba A1312 iliyoandikwa chini ya mguu isikutulize, inabeba za 2009, 2010 na 2011 pamoja. Mwambie muuzaji aiwashe, fungua menyu ya tufaha, soma mwaka mwenyewe.

Kinachonisumbua ni umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea na betri lakini kioo kikubwa kinazimika, madirisha yote yanarudi kujibana kwenye kile kidogo. Ukirudi, iMac lazima iwake yote, maana ndani ni kompyuta nzima inayofanya kazi muda wote, na unit za LUKU zinakwenda kuliko zingekwenda kwa monita ya kawaida. Nimeiwekea mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi na kuingia bila nenosiri, kwa hiyo kilichobaki ni Command na F2. Siku ya kurudufu karatasi tu siiwashi.

Kioo cha mbele kinang'aa mno, nimelazimika kugeuza meza isitazamane na mlango. Kuna vumbi lililokuwa limeingia nyuma yake. Kwenye hizi za 2009 hadi 2011 kioo hicho kimeshikwa na sumaku, hakijagundishwa, kwa hiyo niliazima kwa fundi simu jirani zile raba za kunyonya, nikakivuta taratibu kuanzia juu, nikapangusa kwa kitambaa cha miwani. Kilipojirudisha kwenye sumaku zake kililia tak, nikaendelea na kadi za harusi.