C50 ya mtumba kwa Corolla: kagua klachi kabla ya kuirudisha dukani

Anayeifufua Toyota Corolla ya AE100 au AE110 uani kwake akaenda kutafuta giaboksi ya manyuali, iwe Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road Nairobi, aghalabu ataletewa C50: gia tano, difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu) ndani ya boksi hilohilo. Kwa mtumba ni mzigo mzuri. Ni nyepesi, spea zake hazisumbui, na inavumilia. Jina baya inalopewa mara nyingi ni la klachi.

Dukani usidanganyike na boksi lililooshwa likang'aa. Fungua plagi ya chini, spana 24, uone kinachotoka. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazokwaruza kidole ni meno au bearing. Oili ikimeta dhahabu, pete za sinkronaiza, yaani zile za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zimelika. Boksi likiwa kavu kabisa, ushahidi umeshamwagwa, na bei ishuke kwa sababu hiyo. Kisha shika shafti inayoingia kwenye klachi uitikise: ikicheza juu na chini hadi kugonga, bearing yake imekwisha. Ingiza gia zote moja moja huku ukiizungusha kwa mkono.

Sasa imefungwa kwenye gari na gia hazikubali. Zima injini ujaribu tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwaka, giaboksi haina kosa, klachi haikati, yaani haiachanishi injini na giaboksi. Pampu pedali mara mbili tatu kisha tia rivasi: ikikubali baada ya kupampu, kuna upepo kwenye mfumo wa oili ya klachi au raba za silinda zake zimechoka. Isipokubali hata hivyo, shuku disiki iliyopinda au iliyofungwa kinyume, kosa linalowapata hata mafundi wazoefu. Kitovu chenye springi huelekea giaboksi. Rivasi ya C50 haina sinkronaiza, kwa hiyo kanyaga, subiri sekunde tatu, ndipo uingize. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, rudi kwenye klachi.

Kukwaruza gia moja tu, hasa namba mbili wakati wa kushusha, ni pete ya sinkronaiza ya gia hiyo, na hapo boksi lazima lipasuliwe. Gia ya tano ni nafuu: inakaa pembeni chini ya kifuniko chake, hivyo ikiruka kutoka unaweza kukagua nati, habu (kitovu chake) na foku (uma unaoisogeza) bila kupasua boksi zima. Lakini tazama kwanza mauntingi (raba zinazoshikilia injini), maana iliyokatika huifanya injini icheze na kuvuta gia itoke.

Sauti nayo inasema. Mlio wakati gari limesimama kwenye nyutro, unaopotea ukikanyaga klachi, ni bearing ya shafti ya kuingilia. Unaoanza ukikanyaga ni rilisi bearing, ile inayosukuma klachi iachie, na hiyo si ya giaboksi.

Ukifunga, badilisha sili tatu bila kubembeleza: mbili za drive shafti na ile ya mbele nyuma ya klachi. Ya mbele ikivuja, oili inalowesha disiki na klachi inateleza. Boksi lisogee hadi kugusana na injini kwa mkono. Ukilivuta kwa bolti ili kuziba pengo, utapasua masikio ya alumini. Ikigoma, disiki haijakaa katikati. Pia linganisha boksi na mita ya spidi ya gari lako, kama ni ya kebo au ya sensa, vinginevyo spidi haitasoma.

Oili ni lita 1.9 ya 75W-90. Chagua ya daraja la GL-4, kwani baadhi ya GL-5 hula shaba ya zile pete. Na kabla ya kumwaga ya zamani, hakikisha plagi ya kujazia inafunguka. Ikiwa imeshikana, hutaweza kujaza mpya na gari halitatembea siku hiyo.