Gesi au umeme: tulivyohama kutoka kwenye hita kwenda kwenye boila

Kwa miaka miwili tulipanga fleti ya umeme mtupu hapa Coventry, Uingereza. Gesi haikuingia kabisa kwenye lile jengo. Ukutani kulikuwa na zile hita za zamani zenye matofali ndani, zinazokusanya joto usiku umeme ukiwa na bei nafuu, kisha kulitoa mchana. Joto lenyewe lilikuwa linaisha saa kumi jioni, watoto ndiyo kwanza wanaingia kutoka shule. Tukanunua hita mbili za kuchomeka, na pesa ikaanza kuvuja.

Mita ilikuwa ya kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, ila huku unakwenda dukani na ufunguo wa plastiki wakutilie hela. Hita ya kilowati 2 inakula uniti 2 kwa saa. Ziwe mbili, uwashe kwa muda wa saa tano kila jioni, umeshamaliza uniti 20 na hujapika. Januari nilitia zaidi ya pauni 200, na bado mdogo wetu alilala na koti. Mama alipiga simu ya video kutoka Tanga akauliza, “Mbona mjukuu wangu kavaa koti ndani?” Nilikosa la kumjibu, nikageuza simu upande wa dirishani nimwoneshe theluji.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wetu tunaliwa. Muuzaji mmoja alituhakikishia kwamba hita ya mafuta, ile ya kuchomeka yenye mafuta ndani, “haili umeme.” Tukaongeza pauni 70 kuipata. Ukweli ni kwamba hita ya kuchomeka, iwe ya feni ya pauni 20 au hiyo ya mafuta, uniti moja ya umeme inakupa uniti moja ya joto, basi. Ya mafuta inabaki na joto ukishaizima kwa sababu ililimeza wakati unasubiri chumba kipate moto.

Oktoba 2025 tukahamia nyumba yenye boila ya gesi, mtambo unaochoma gesi kupasha maji yanayozunguka kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto. Kikomo cha bei cha Ofgem, mdhibiti wa gesi na umeme huku, kwa miezi ile mitatu hadi Desemba kilikuwa, kwa wastani wa nchi, peni 26.35 kwa uniti ya umeme na peni 6.29 kwa uniti ya gesi. Boila haigeuzi gesi yote kuwa joto, sehemu inatoka na moshi; chukua asilimia 90. Kwa hiyo uniti moja ya joto ilinigharimu kama peni 7 badala ya 26. Bili ya Novemba ilikuja pauni 113, gesi na umeme pamoja, na nyumba nzima ilikuwa nyuzi 19.

Ila gesi ina ada yake ya kila siku, utumie usitumie; miezi ile ilikuwa peni 34. Kwa mwaka ingekuwa kama pauni 124. Ongeza pauni 90 ninazomlipa kila mwaka kukagua boila fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi (hapa usibahatishe, na kengele ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu, iwepo). Nimepiga hesabu kwa bei zile: kama joto unalohitaji halifiki uniti 1,100 kwa mwaka, umeme utakutoka kwa bei ndogo kuliko gesi. Kijana anayeishi chumba kimoja na kushinda kazini asihangaike kutafuta fleti yenye boila. Familia yenye mtoto mchanga, hiyo ni habari nyingine.

Mita ya gesi ilinidanganya wiki ya kwanza, nikadhani hela inakwenda polepole. Kumbe inasoma meta za ujazo, na kila moja ni kama uniti 11.

Jambo moja nililofanya mwenyewe: boila ilikuwa imewekwa ipashe maji hadi nyuzi 75. Nimeshusha hadi 60. Rejeta zinachukua muda zaidi kupata moto, lakini maji yanayorudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55, mvuke wa moshi unageuka maji na joto lake linabaki ndani ya nyumba. Bomba jembamba la plastiki linalotoka nje ukutani sasa linadondosha maji asubuhi nzima. Nikiyaona yanadondoka najua boila inafanya kazi yake.

Zile hita mbili ziko stoo. Moja naitoa usiku, dakika kumi tu, mtoto akioga.