Raisikuka ya Kijapani: kitufe cha uji kinafurika kila siku

Niliinunua kwa sababu ya kitufe kimoja tu, kile cha kupikia okayu, uji wa mchele wa Kijapani. Mgonjwa, mzee na mtoto anayeanza kula wote hulishwa uji huo, kila mmoja kwa uzito wa uji unaomfaa. Na kitufe hicho hicho ndicho kilichoniudhi mpaka nikaamua kuandika.

Kila nikikibonyeza, inafurika. Napima mchele nusu kikombe, kwa kile kikombe cha mililita 180 kinachokuja na mashine. Najaza maji mpaka mstari wa uji uliochorwa ndani ya sufuria yake, nafunga. Muda si mrefu tundu la mvuke linaanza kukoroma, kisha ute mweupe unachomoza, unateremka juu ya kifuniko, unaingia kati ya vitufe na kugandia humo. Ukifunua, uji umepoteza maji, kwa hiyo hata kipimo ulichohangaika nacho kimeharibika. Nilipowapigia huduma kwa wateja, jibu lilikuwa kwamba nimezidisha mchele. Nimezidishaje, na mstari wameuchora wao?

Sababu yenyewe haina siri. Mchele wa Kijapani wa punje fupi hutoa wanga mwingi majini, na wanga huo huyafanya mapovu yasipasuke upesi, yakapanda tu. Ndiyo maana okayu hutaka moto mkali mpaka ichemke, halafu moto mdogo kabisa, na pawe na nafasi ya kutolea mvuke. Raisikuka yenye kitufe cha uji inapaswa kushusha moto yenyewe mara tu maji yakichemka. Hii inachelewa. (Zile za bei rahisi zenye kitufe kimoja ndiyo kabisa msijaribu: huzima maji yakikauka na kitako kikapita nyuzi 100, na kwenye uji maji hayakauki, basi zinachemka tu mpaka zimwage.) Nimeona nafuu nikiosha mchele mpaka maji yaache kuwa kama maziwa, nikipunguza maji kidogo chini ya mstari, na nikisafisha kile kifuniko kidogo cha mvuke kila baada ya kupika, kwa sababu wanga ukikaukia pale tundu huziba. Nafuu, lakini haiponi.

Sufuria yenye kitako kinene, au chungu cha udongo ambacho Wajapani hukiita donabe, haikusumbui hivi. Kwa watu wazima ni mchele kipimo kimoja kwa maji vitano. Mgonjwa ambaye tumbo halijatulia, saba au kumi. Osha, loweka nusu saa, pandisha moto. Ikichemka, pitisha mwiko mara moja tu kwenye kitako ili punje zisishike, halafu acha. Ukikoroga koroga punje zinavunjika na unapata gundi. Moto mdogo, mfuniko uachwe wazi kidogo, dakika 40 hadi 50. Zima, funika dakika 10, chumvi mwishoni, na umeboshi (plamu ya Kijapani iliyokolezwa chumvi) juu yake kama ipo.

Mtoto wa miezi 5 au 6, kwa utaratibu wa Kijapani, huanzia maji kumi, bila chumvi, kijiko kimoja kidogo. Uji wake upitishwe kwenye chujio la matundu madogo ukiwa bado wa moto; ukipoa unashika kwenye wavu na hautoki. Blenda sipendi, kwa kiasi kidogo visu havishiki, na ukisaga sana unanata. Kinachobaki kigandishe kwenye trei ya barafu, kitumike ndani ya wiki, na ukipasha kipate moto mpaka katikati ndipo ukipooze. Na usionje kwa kijiko kisha ukakirudisha kwenye bakuli: mate huvunja wanga, uji uliokuwa mzito unageuka maji.

Sasa, kuna jambo moja mashine hii inalifanya vizuri mno. Weka kijiko kikubwa kimoja cha mchele na vijiko kumi vya maji kwenye kikombe kinachostahimili joto, kijae nusu tu, kisimamishe katikati ya wali wa familia ambao una maji yake ya kawaida, kisha bonyeza kitufe cha wali. Ikizima, iache dakika 15. Unapata wali wenu na uji wa mtoto, laini, punje imechanua, hata tone halijamwagika. Kwa hilo ningeipa nyota nne.

Lakini kinachofanya kazi hiyo ni kitufe cha wali! Cha uji, nilichokilipia, hakina msaada. Na uji ukiisha mashine inahamia yenyewe kwenye kuhifadhi joto, usipowahi kuizima unakuta uji umeganda kama gamu. Kadiri ninavyoandika ndivyo nyota zinavyopungua: mbili. Anayefikiria kuibeba kwenda Dar au Mombasa ajue kwamba iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Bila transfoma ya kushusha umeme, itaungua hata kabla haijafurika.