Uzoefu wangu: hospitali binafsi Moshi, nesi wa mchana aliniambia "huna maziwa"

Jamani naandika bado nina hasira. Nimejifungulia hospitali moja binafsi hapa Moshi, majuzi tu, jina naliacha. Tuliichagua kwa sababu kliniki walituahidi mama wa uzao wa kwanza haruhusiwi kutoka mpaka aweze kunyonyesha, na hela yenyewe tuliyolipa sio ndogo.

Kujifungua sina lawama, wodi safi, maji ya moto yapo. Shida ni mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu tu, anavuta kidogo anaachia analia, chuchu zikachanika zote mbili, nikimwona tu anafungua mdomo mwili unasisimka. Nikamwita nesi wa mchana. Kaja na simu mkononi, hata pole hakunipa, akaniminya ziwa, akamsukuma mtoto kisogoni kwa nguvu mpaka mtoto akapiga ukelele, halafu ananiambia "wewe mama huna maziwa, mwambie baba yake akanunue ya kopo, wenzio hapo wananyonyesha hawasumbui mtu." Wodi nzima inasikia! Mama mkwe kakaa pembeni na chupa ya mtori, akainamisha kichwa.

Huna maziwa, siku ya pili! Yale ya manjano mazito yalikuwa yanatoka, na mtoto wa siku mbili ndo hayo hayo anayotaka, kidogo kidogo, maziwa mengi kwa kawaida yanashuka kuanzia siku ya tatu hivi. Nesi wa wodi ya wazazi hajui hilo? Na ukutani wamebandika bango kabisa, maziwa ya mama pekee miezi 6, hata maji usimpe. Nililia mpaka mume wangu akatoka kwenda kutafuta hilo kopo.

Usiku akaingia zamu mama mmoja mtu mzima. Akanawa mikono, akavuta kiti, "pole mwanangu, hebu mnyonyeshe nione." Hakunigusa. Akaniambia niegemee vizuri, mtoto nimgeuze tumbo lake kwa tumbo langu asipinde shingo, nisimfuate na titi, nimlete yeye kwenye titi. Chuchu iangalie pua yake, nisubiri afungue mdomo wote kama anapiga mwayo ndo nimvute haraka, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke nje, na ile sehemu nyeusi iingie, sio chuchu peke yake. Ikiendelea kuuma nisimchomoe, niingize kidole pembeni ya mdomo aachie tuanze upya. Tukarudia rudia, mara nikasikia anameza. Anameza jamani! Akaniambia nikamue tone nijipakie kwenye vidonda niache pakauke. Nusu saa haikufika, na lile kopo mpaka leo halijafunguliwa.

Asubuhi nikaenda kwa mkubwa wa wodi, jibu lake eti "wagonjwa ni wengi." Wingi najua upo, na wa usiku alikuwa peke yake, mbona yeye aliweza?

Nilikuwa nimeshaandika msikanyage pale, nimefuta. Mdogo wangu anajifungua karibuni na nimemwambia aende hapo hapo, ila aulize yule mama wa usiku yuko zamu gani, na yule wa mchana akisogea na simu yake amwambie asimguse, amwitie mwingine.